Sekunde Arobaini

Mombasa hii, jua lamwagika bure
hadi mabati ya Majengo yakalia,
nami nanunua mwanga kwa sekunde.

Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa kabla ya sala
navua buibui, navua kanchiri,
haya naitundika msumarini pamoja navyo,
naingia kabatini mwa taa ndefu.
Nesi Kadzo hunivisha miwani myeusi.
"Leo arobaini. Juzi zilikuwa thelathini na tano."

Nikamuuliza, kwani la darini kwetu lina kasoro gani?
Akacheka.
"Lile halina kipimo, dada.
Lile hukupa hata usichoomba."

Magamba ya viwiko yameanza kulegea.
Ya mgongoni sijui, macho yangu hayafiki;
huniangalizia Mwanakheri,
mkono wake na mafuta ya nazi, kimya,
tangu Athmani aliponiambia
shuka zangu nizifue mbali na zake.

Taa zavuma. Nahesabu.
Thelathini na saba.
Hainiumi. Yanitekenya tu,
kama mtu anayetaka kuniambia jambo akasita.
Thelathini na nane.

Huko Marikiti, saa hizi,
kuna mwanamke wa mikono mifupi
anachagua bamia, moja moja,
viwiko juani,
na hahesabu kitu.