Sababu Nyingine (Fafanua)

Swali la kwanza nililitunga mwenyewe, Upanga,
feni ikinung'unika juu ya karatasi:
"Ukiamka, hupita dakika ngapi
kabla ya sigara ya kwanza?"
Visanduku vinne vya kuchagua. Nikajiona mjuzi.

Mshiriki wa ishirini na saba
alicheka hadi kikohozi kikamshika.
"Daktari, mimi ni mlinzi wa usiku.
Kuamka ndiyo saa ngapi?
Saa nane mchana, mtoto wa jirani akigonga debe?
Au saa tisa usiku,
mwili umeshalala, mimi nimesimama?"

Sikuwa na kisanduku cha hapo.

Jina lake nimeapa kutolitaja.
Nitasema tu: godauni la mabati, Chang'ombe,
kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya,
sigara saba kwa usiku, za kununua moja moja,
kwani pakiti nzima, alisema, ni kama mshahara:
haifiki asubuhi.
Ya saa nne ni ya kufunga geti.
Ya saa sita ni ya mbu.
Ya saa tisa si yake peke yake.
Ng'ambo ya uzio yuko Pazi, mlinzi wa stoo ya saruji.
Pazi ana kiberiti, yeye ana sigara.
Moto unakuja kwenye tundu la waya, moshi unarudi.
Mwaka wa sita huo, na hawajawahi kupeana mkono;
tundu halipitishi ngumi.

Mimi nikaandika daftarini: kichocheo cha kijamii.

Akaacha, Jumatatu moja ya mwezi wa sita.
Tulimpa bigijii; akazigawa kwa wanawe,
akaweka karafuu shavuni.
Kila Alhamisi alipuliza kwenye mashine yetu ndogo
macho kayatoa kama anayesubiri matokeo ya darasa la saba:
ishirini na mbili, tisa, nne,
mbili.
"Mbili!" akamwambia dada wa mapokezi,
asiyejua mbili ya nini.
Kwenye dodoso tumeandika "dalili za ukosefu wa nikotini".
Yeye alisema arosto,
na neno lake lilikuwa na kucha.

Siku ya arobaini na moja mashine ikasema kumi na saba.
Hakubisha. Alilaza viganja mezani
kama mtu aliyekuja kulipa.
Nikamsomea orodha: msongo, pombe, marafiki, njaa.
Kila neno alilitikisia kichwa.
"Saa tisa," akasema, "Pazi aliwasha njiti
akaishika tu. Hakuniita.
Ikaungua hadi kwenye kidole. Akawasha ya pili.
Daktari, mtu akikuwashia njiti tatu gizani,
utamwacha aungue?"

Mstari wa "fafanua" una upana wa vidole vitatu.
Niliandika: uzio.
Kompyuta ikakataa. Inataka namba.

Mazoea yana taabu, tulifundishwa tangu utoto,
nami nikaisomea taabu hiyo miaka tisa,
nikaipima kwa pumzi, kwa mate, kwa dakika.
Njiti sikuwahi kuzihesabu.

Alhamisi ijayo wanakuja wawili.
Pazi anadai yeye havuti sana,
anawasha tu.
Akishasaini,
jina lake nalo itabidi nilifute.