Viungo

Jumanne usiku, ghorofa ya chini ya maktaba,
Alberta, nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
naandika kwa kalamu ya ubao inayokaribia kukauka:
Unganisha sentensi hizi. Tumia maneno haya.
Ingawa. Ambaye. Wakati. Kwa sababu.

Naw Paw Wah hana shida. Yeye huunganisha kila kitu:
shangazi ambaye baiskeli yake ambayo breki zake ambazo,
mpaka darasa zima linacheka, naye anacheka kutushinda,
na nukta haijulikani iko wapi.

Eulalio haandiki hivyo.
Eulalio hutoka kiwanda cha nyama saa kumi na moja,
glavu zimemwachia vidole vyekundu, visivyonyooka,
na Kiingereza chake hukata kama yeye anavyokata:
Nina kisu. Kisu ni kikali. Ng'ombe anakuja.
Nakata bega. Ng'ombe mwingine anakuja.
Mkono unauma. Silali.

"Mwalimu," aliniambia mwezi wa Oktoba,
"mkataji mgeni hupiga mfupa. Mzoefu hutafuta kiungo.
Akikipata, kisu huingia chenyewe, kama ufunguo."
Nikamwambia sarufi ndiyo hiyo hiyo, ila kinyumenyume:
tafuta panapoachana, upashone.
Alitikisa kichwa. Hakuniamini.
Nilipofika nyumbani, hata mimi
sikujiamini sana.

Leo kaleta karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mama alifariki.
Nilikuwa kazini.
Simu ilikuwa kabatini.
Theluji ilianguka.

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa sauti ya mwalimu:
"Vizuri. Sasa ziunganishe."

Anajaribu wakati. Mama alifariki wakati nilipokuwa kazini.
Anaitazama. Anafuta. "Hapa nimekaa karibu naye mno," anasema.
"Sikuwa karibu."
Anajaribu ingawa. "Hili linagombana."
Kwa sababu analigusa kwa ncha ya penseli,
analiacha pale pale ubaoni.
"Hili sitaki. Hili lina hakimu ndani yake."

"Basi na," nasema. "Neno dogo."
"Na ninayo tangu somo la kwanza.
Nimeinunulia mkate na maziwa."

Bomba la joto linagonga ukutani.
Paw Wah kainama chini ya meza, eti anatafuta kifutio.
Miaka kumi na tisa nafundisha, na nina alama moja
ambayo huwa siwapi mpaka mwaka wa pili,
maana hata waliozaliwa na lugha hii huikwepa:
nukta juu, mkato chini.

Naichora kubwa. Anaikodolea macho.
"Kulabu," anasema.
Kule kwao kiwandani zinapita juu ya vichwa kutwa nzima,
kwenye mnyororo, zingine na mzigo, zingine tupu.
"Inafanya nini?"
"Inashika pande mbili. Haisemi kwa nini."

Anachukua muda. Analamba ncha ya penseli kama mtoto.

Mama alifariki; nilikuwa kazini.

Simu na theluji anaziacha zilivyo,
kila moja na nukta yake.
Zoezi lilitaka zote nne ziwe moja. Sisemi kitu.
Anavaa glavu, anauliza basi la mwisho ni saa ngapi.
Saa tatu na dakika arobaini, namwambia,
ikiwa theluji haijafunga barabara.