Wino Mwekundu

Kadi ya kliniki ya Shekue niliihifadhi
ndani ya mkebe wa halua, uvunguni,
pamoja na cheti cha ndoa na risiti ya friji.
Ukurasa wa pili, Sista Kadzo alikuwa ameandika
kwa wino mwekundu, akapigia mistari miwili:
ASIPEWE PENISILINI.
Nikaona, basi, limeandikwa, limetulia.

Masika ikaingia Langoni, dari ikavuja.
Mkebe una kutu, na kutu haina haya.
Nilipofunua, wekundu umetanda ukurasa mzima
kama damu ya pua juu ya mto.
Chanjo ya surua imechanganyika na uzito wa mwezi wa tisa.
Jina la mwanangu limebaki herufi tatu.

Kadzo hakunigombeza.
Alivuta kiti, akafungua kompyuta yenye kibandiko cha kasa,
tukaanza upya, tarehe kwa tarehe;
asichokuwa nacho yeye daftarini nilikuwa nacho mimi kichwani,
na kovu la mkono wa kushoto likatoa ushahidi.
"Sasa nywila," akasema. "Tarakimu nane,
usizoweza kusahau, wala mtu kuzikisia."
Nikampa mgongo, nikaandika.

Wifi yangu Zulfa ana sauti nzuri, ndiyo balaa.
Kila asubuhi simu huniletea sauti hiyo:
kitunguu ndani ya soksi hushusha homa,
chanjo hukausha vizazi, kasema daktari mmoja wa ng'ambo,
mtumie na mwenzio.
Daktari gani, Zulfa?
Chuoni, Mwalimu Mwanamkuu hakuacha hadithi
ipite mikono mitupu:
nani kasema, kapokea kwa nani, na huyo alikuwa mkweli?
Iweje maneno ya Mtume tuyaulizie wapokezi
na dawa ya mtoto tuimeze kavu?
Siku hizi nasoma ya wizara, nasoma ya madaktari wa watoto,
natazama tarehe chini, natazama nani katia jina lake.
Nisipoelewa nampigia Kadzo. Hupokea akitafuna.

Kisha harusi ya Malindi.
Mama alikwenda na Shekue,
mimi nikabaki na oda ya mahamri mia mbili.
Saa tano usiku simu ikalia.
Koo limefura, homa inapanda,
daktari kijana keshatayarisha sindano,
anauliza, kuna dawa inayomdhuru?
"Ni ile," mama akasema, "ile... ina *pe* ndani yake."
Mtandao ukakatika mara mbili.
Nikapanda darini, katikati ya ndoo na kamba za nguo,
unga mikononi.
"Mwambie afungue rekodi yake. Nitakusomea nywila."
"Nambiya, mwanangu."

Sifuri. Tisa.
Sifuri. Tatu.
Mbili. Sifuri.
Akawa anamrudilia daktari, moja moja,
kama mtu anayevuta tasbihi.
Tulipofika ya saba
akanyamaza.

Ni siku aliyozaliwa Twaha.
Twaha hakupata kadi. Siku nane tu, na mwili umekakamaa;
kitovu chake kilipakwa majivu ya samadi
kwa kuwa jirani alisikia kwa shoga yake
na shoga hakusema alikosikia.
Mkono uliopaka tunaujua, mimi na mwenye mkono.
Haujapata kutajwa nyumbani kwetu.

"Moja," nikasema tena. "Halafu sita."
Sikutaka ajue hivi. Wala sikuwa na nyingine
nisiyoweza kuisahau.

Nikasikia daktari: "Ahaa. Penisilini hapana."
Nikasikia sindano ikiwekwa juu ya sinia la bati.
Mama kimya, lakini hakukata simu.
Tulikaa hivyo, yeye Malindi, mimi darini,
mahamri yakiungua chini,
na nyuma ya pumzi zake
Shekue, kwa sauti ya kukwaruza,
akidai soda. Ile nyekundu.