Maji Safi Mno

Oulu, Desemba. Jua huchungulia saa nne asubuhi,
likiona baridi, linarudi kulala.
Nimetoka kuoka mikate myeusi mia tatu,
nimevua buti, sijavua koti,
nimekwenda moja kwa moja kwenye tangi la mwanangu.

Jouni alilipandisha ghorofa ya tatu, yeye na Eetu,
kioo kitupu cha kumeza lita mia mbili,
wakicheka kila ngazi.
Kisha akaenda Rotterdam kuchomelea meli,
akaniachia bahari sebuleni
na tumbawe moja laini, umbo la uyoga,
alilolibandika jina Lakki, yaani kofia kwa lugha yetu ya huku.
"Usimguse sana, mama." Huo ndio wasia wote.

Wiki mbili sasa Lakki amefumba.
Vikono vyake, vilivyokuwa vikipepea kama manyoya ya kifaranga,
vimezama ndani ya ngozi.
Kichwa kimeinama, kimepakwa kitu kama nta,
kijivu, kama mtu aliyejifunika shuka mchana
asitake kuulizwa.

Nami nikauliza. Ndiyo kazi yangu, kuuliza.
Nikapima chumvi: sawa. Joto: sawa.
Nikabadilisha maji, nikabadilisha tena kesho yake,
nikasugua kioo, nikachokonoa mchanga,
nikashusha taa, nikapandisha taa,
nikamhamisha Lakki kushoto, nikamrudisha kulia.
Na Rotterdam simu ikalia, mara nne kwa siku:
Umekula? Umevaa? Mbona sauti hiyo?
Akajibu maneno mawili. Halafu moja.
Halafu simu ikawa inaita tu.

Alhamisi nikampelekea Tuukka wa duka la samaki chupa ya maji.
Akayapima, akayainua kwenye mwanga.
"Orvokki, haya ni safi ya kuoshea maiti.
Hamna nitrati hata chembe. Huyu hula uchafu kidogo wa samaki,
wewe unamwondolea sahani kabla hajamega tonge.
Na hiyo nta si ugonjwa. Anajivua.
Mgeuzie pampu, mkondo umpitie ubavuni,
uichukue ngozi ya zamani. Basi. Halafu kaa."
"Nikae wapi?"
"Kaa tu. Kwani kinyunya kikiumuka unakifunua kila dakika?"

Miaka thelathini na moja naoka.
Nimewachapa wanagenzi mikono kwa kosa hilo hilo.

Nikageuza pampu.
Nikawapa samaki wawili chakula, kidogo zaidi ya jana.
Nikasukuma ndoo chini ya sinki, sponji juu yake,
nikaikalia mikono yangu kama mtoto kanisani.

Siku ya kwanza, hakuna.
Ya tatu, hakuna; mwani ukaota kwenye kioo, nikaupisha.
Ya tano, ukingo mmoja wa ile nta ukabanduka,
ukapeperuka kama ganda la kitunguu.
Nikashika kiti.

Leo ni ya nane. Giza bado zito dirishani,
theluji imefunika baiskeli hadi usukani,
na Lakki, ndani ya buluu yake,
amesimama.
Si mwili wote. Upande wa ukutani bado una makunyanzi.
Lakini huku kwangu vikono vimetoka,
vingi, vifupi, vinatetemeka,
kila kimoja na vidole vinane, ndivyo alivyosema Tuukka;
sijavihesabu.

Nikatoa simu. Nikaandika: Lakki kajivua. Umekula?
Nikafuta swali.
Nikatuma lililobaki.
Kule wako saa moja nyuma yetu; leo sikuihesabu.

Kwenye kioo mkono wangu umeacha unga,
vidole vitano vyeupe juu ya mwani.
Sponji iko chini ya sinki.
Acha ikae.