Bila Watu, Bila Vitu

Kiitaliano sikukisomea. Nilikipiga pasi,
miaka saba ya shuka katika hoteli ya Casuarina,
nikajua tusi kabla ya salamu
na salamu kabla ya bei.
Sasa Wakili Shekue ananilipa kwa neno, shilingi nane,
chumba cha juu, nyuma ya duka la mbao, Barabara ya Lamu,
feni ikipeperusha karatasi hadi nizikandamize kwa kufuli.

Leo ni za marehemu Sinyora Ornella Bazzani,
wa Brescia na wa Mayungu.
Wanawe wanauza. Benki ya kwao inadai.
Mnunuzi yuko Nairobi, anataka Kiingereza.

Naanza na ipoteca.
Rehani nimezaliwa nayo: kikuku cha mama
kilikaa kwa sonara mwaka mzima kwa ajili ya karo yangu,
kikarudi kinabana, au mkono ndio ulionenepa.
Lakini rehani haina ruhusa ya kuingia humu.
Safari yangu ni Roma hadi London,
Malindi nipite bila kushuka.
Nachukua neno la Waingereza. Wakili aliniambia
ndani yake mna maiti, ahadi iliyokufa.
Naliandika taratibu, kama mtu anayefunika uso.

Caparra. Kiingereza kinahangaika,
kinaita wapagazi watatu kwa mzigo wa mmoja.
Nami ninalo mdomoni, zima, gumu kama mbegu ya ukwaju:
arbuni.
Hawe Mbeyu alipotoa arbuni ya mbuzi,
mbuzi alikuwa wetu kabla hajalia zizini.
Nalimeza.

Compromesso, hapo tahadhari.
Kiingereza kina neno la sura ile ile,
pacha wa uso, si wa tumbo moja.
Mwaka jana lilinikosesha malipo ya kurasa kumi na mbili.

Ukurasa wa tisa: nuda proprietà. Umiliki ulio uchi.
Nikacheka peke yangu.
Mwenye ardhi amevuliwa matunda,
mwingine anayala mpaka afe.
Hili nani wa kunifundisha?
Hawe alikuwa na minazi kumi na mmoja huko huko Mayungu
juu ya udongo usio wake.
Minazi yake, mchanga wa mtu.
Akiiweka rehani, mdai ndiye aliyeikwea, ndiye aliyegema,
na deni likabaki pale pale,
halipungui kwa nazi wala kwa tembo.

Nambari ya kiwanja naisoma mara mbili.
Kaskazini, barabara ya murami.
Mashariki, ukuta wa matumbawe.
Magharibi, kisima kilichofukiwa.

Kile kisima nilikichota.

Kifungu cha kumi na nne: libero da persone e cose.
Eneo linakabidhiwa bila watu, bila vitu.
Kiingereza kinalo neno lake, fupi, safi,
chumba kilichokwisha kufagiwa.
Kalamu inagoma. Nachemsha chai. Nairudia meza.
Vitu: kata iliyopasuka, jiwe la kukunia miguu.
Watu: Hawe, chini ya mnazi wa sita,
tangu mwaka ule mvua zilipobomoa choo cha shule.

Mfasiri haongezi, mfasiri hapunguzi,
niliapa hivyo mbele ya muhuri.
Basi nimekitafsiri kifungu sawasawa, nukta kwa nukta.
Kisha chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo,
mahali mfasiri anaporuhusiwa kukohoa:
Mahali hapo pana minazi kumi na mmoja, na mtu.

Wakili amevua miwani, ameivaa tena.
"Na hii tanbihi, Kadzo, nani atailipa?"
Nimehesabu kwa kidole. Maneno manane, sitini na nne.
Kata kwangu, nimemwambia.
Iwe arbuni.