Mtafsiri wa Banda la Chang'ombe

Banda lilikuwa la mabati, nyuma ya mashine ya kusaga,
shilingi hamsini kwa mtoto, mia kwa aliyeota ndevu,
na pumba ilipenya kwenye nyufa
hata mizuka ya Ulaya ikawa na unga kichwani.

Tulikaa chini. Mimi, na binamu yangu Nyemo
aliyeficha uso kwenye kanga yangu
akiuliza kila mara, "Limeshakufa? Limeshakufa?"
Ndahani alishika maiki, jicho moja kwenye skrini, jicho moja kwetu.
"Huyu dada," alisema, "alionywa asipite makaburini
saa za magharibi. Kiburi. Sasa mtaona."
Tukaona: ngazi, mshumaa, mkono wenye kucha.
"Zimwi linasema: nimetoka Kondoa kwa miguu,
sijala tangu Jumatatu."
Jasho likatutoka. Jumatatu ilikuwa juzi.

Wakati ule nilipenda damu, niseme ukweli.
Nilitaka kichwa kibingirike mpaka kwenye ndala za mtu.
Filamu isiyofikisha maiti kumi
tuliiita ya kanisani, tukadai hela zetu.

Halafu zikaja za majini wa kike, wazuri, wenye kwato:
mume anafunua shuka, kumbe!
Nilikuwa na miaka ishirini, na mchumba.
Nilichungulia miguu yake siku tatu.

Halafu sikutaka tena chochote.
Mwaka niliomzika mama nilizima hata taarifa ya habari.
Aliyekwisha kuosha maiti kwa mikono yake
akionyeshwa rangi nyekundu, anaona rangi.

Sasa nipo Iyumbu, nyumba ya vigae, maji ya zamu.
Mwanangu Chiwanga anatazama kwenye simu,
visikizi masikioni, peke yake gizani
kama mtu anayekunywa dawa.
Hapigi kelele. Mtoto, filamu ya kutisha, na hapigi kelele!
Zake hazina zimwi. Ni familia inakula chakula cha usiku
na wote wanatabasamu, sekunde moja kupita kiasi.
Nikasema, hii nayo inatisha nini? Nikakaa.
Saa saba usiku nilikuwa nahesabu vikombe kabatini.

Basi nami nimehamia huko.
Siku hizi nataka mlango tu.
Mlango, na mtu anayeutazama.
Usiufungue, bwana mwongozaji. Nimelipia usifunguliwe.

Mwezi wa nane, upepo ukipigapiga mabati ya jirani,
Chiwanga akanitafutia ile ya zamani, ile ya ngazi,
picha safi, maandishi ya Kiswahili chini.
Nikangoja Kondoa. Nikangoja Jumatatu.
Zimwi likapanda, likafungua kinywa,
na maandishi yakasema:
"Nimepotea. Mama yangu yuko wapi?"
Chiwanga akazicheka zile kucha za mpira.
Mimi nikaenda jikoni, nikasingizia vitunguu.

Ndahani nilimkuta soko la Majengo, anauza zabibu,
sauti imebaki nusu, kofia ileile.
Nikamwambia, ulitudanganya miaka yote ile,
kumbe lilikuwa linamtafuta mama yake.
Akapima kilo, akaongeza kishada.

"Kiingereza ningekijulia wapi, Sechelela?
Wenzangu walisomea filamu. Mimi niliwasoma ninyi.
Mlipokodoa macho, hapo ndipo nilipoweka maneno.
Mkihema, naongeza njaa."

Zimwi likujualo, nikawaza. Hilo lilitujua kwa majina,
ndiyo maana halikutumaliza.

Nikafunga mfuko. Akaniita nikiwa nimeshavuka mtaro:
"Ila wewe ulinisumbua! Zimwi linaingia dirishani,
banda zima linapiga mayowe,
wewe peke yako
unatazama mlango."