Mizani Moja Pungufu

kwa Sikudhani Mwinshehe, mhariri wa jarida la Msasa

Jina lako lilikuwa sentensi nzima:
nafsi, ukanushi, wakati uliopita, kitenzi.
Ulituambia siku ya kwanza, bila kutabasamu,
"Mkiweza kuandika kwa ufupi huo, njooni Jumatano."

Jumatano tukaja.
Mtaa wa Mkunguni, juu ya duka la vifungo na zipu,
ngazi za mbao, ya nne imeoza, sote tuliijua.
Mashine ya kudurufu uliyoinunua kwa mafao ya ualimu
ilikohoa kurasa thelathini na mbili, kisha ikagoma.
Hivyo Msasa likawa jarida la kurasa thelathini na mbili.

Watu hudhani ulikuwa na falsafa.
Ulikuwa na kalamu nyekundu na swali moja pembeni:
Kwa nini?
Kwa nini mwezi ni sahani? Nani kala humo?
Kwa nini mama huyu analia ukurasa wa kwanza
nasi hatujaambiwa hata jina lake?
Mwaka mzima ulipiga marufuku "kwa hakika".
"Mwenye hakika," ulisema, "haandiki. Anakwenda kulala."

Muuguzi wa zamu ya usiku Muhimbili, karani wa mizigo,
kijana wa kubandika soli Gerezani:
ulitukalisha benchi moja, ukatusomesha kwa sauti
mpaka kila mmoja akasikia mahali alipodanganya.
Mwaka wa uhaba, malipo yakawa robo ya sukari
iliyofungwa kwa ukurasa uliochapika vibaya.
Nilikoroga chai kwa hadithi yangu ya kwanza.
Mama akauliza mbona ina wino.

Sasa niseme na hili, maana ungeniuliza.
Faraji Ndembo alileta shairi la mwanawe,
yule aliyekuwa hajafikisha siku arobaini.
Ukaandika swali lako lile lile
kando ya ubeti wa mwisho, penye sanda.
Kwa nini?
Hakurudi. Hakuandika tena, hata barua.
Tulikununia mwezi mzima, nawe hukujieleza.

Baada ya matanga tukafungua mtoto wa meza yako.
Tukalikuta. Umelinakili mara kumi na moja kwa mkono,
kila nakala umebadili neno moja,
kisha ukalirudisha.
Chini kabisa, kwa penseli:
"Halikuwa na kosa. Kosa ni swali."

Jarida lilikutangulia kufa, toleo la arobaini na tatu.
Masalia yakafungia karanga,
Kariakoo nzima ikatusoma bure, ikalamba chumvi.
Lakini juzi, Sinza, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki,
binti ambaye hajapata kukuona,
aliyezaliwa mashine yako imeshauzwa chuma chakavu,
alimkatiza mwenzake katikati ya sifa za machweo:
"Kwa nini?"
Na sauti ikapanda mwishoni, vile vile, kama mlango
unaofunguliwa na mtu mwenye haraka.
Nilishika kiti.

Sikuja na maua. Ungeuliza.
Nimekuletea ubeti wa vina, ule wa kizamani,
uliokuwa ukiuhesabu kwa njiti za kiberiti.
Mahali fulani pamepungua herufi moja.
Nimepaacha makusudi. Najua hutavumilia.

Jani la msasa gumu, lilokuna wino wetu,
Likatupunja utamu, likatupa neno letu,
Leo tumeshika zamu, tukosoane wenzetu,
Amka shika kalamu, tafute kosa letu.